Kikaango cha Mama Idi

Rungwa,
Ijumaa asubuhi

Mama yangu,

Shikamoo. Naitanguliza kama ulivyonilea, maana hata mtu mwenye hasira hapiti mlangoni bila kubisha hodi. Nyingine mfikishie Baba. Natumaini mgongo wake umepoa na ile mashine ya kukamulia alizeti imepata mkanda, kwa sababu dereva wa lori la asali ameniambia kwamba tangu isimame Baba hali vizuri wala halali, anazungukazunguka uwanjani tu. Bibi naye vipi macho? Na ndugu zangu? Mimi ni mzima. Mume wangu Idi ni mzima, yuko porini anarina asali, namtegemea kesho kutwa. Mama yake pia hana ugonjwa. Kila barua niliyokuandikia tangu niolewe ilikuwa na salamu za Mama Idi chini kabisa, na mwenyewe alikuwa ananisimamia kuhakikisha sijazisahau. Safari hii hakuna. Hajanipa, kwa sababu hasemi na mimi.

Mama, nina hasira na wewe. Nimejaribu kuliandika hili kwa kuzunguka nikashindwa, nimechana karatasi za Idi za kuwaandikia wanunuzi wa nta, sasa nalisema lilivyo. Nina hasira na wewe, nina hasira zaidi na Mama Mdogo, na nikimaliza kuwakasirikia nyinyi najikasirikia na mimi. Tafadhali kaa chini usome mpaka mwisho. Usiruke mistari kama unavyofanya kwenye barua za shangazi.

Barua yako ililetwa juzi pamoja na kifurushi. Niliifungua pale pale lori liliposimama, ndoo ikiwa kichwani, nikidhani nitapata la kunifariji. Nikakuta umeandika kwamba mdogo wako amekusimulia jinsi alivyonistiri kwa wakwe, jinsi alivyokuta jikoni kwangu chombo cheusi tii, na jinsi alivyokisugua kwa mikono yake mpaka kikarudi rangi yake. Ukaandika, "Mungu ambariki mdogo wangu, la sivyo wangesema mwanangu hakufundwa." Nilishusha ndoo nikakaa juu ya jiwe. Kumbe mlikuwa mnasherehekea! Mimi huku nalia na moshi jikoni, nyinyi huko mjini Utemini mnapeana hongera.

Sasa nikueleze chombo kile ni nini, kwa sababu Mama Mdogo nilimweleza hakusikia.

Ni kikaango cha chuma, chuma cha kumimina, kizito hata ukikiinua kwa mkono mmoja kifundo kinalia. Marehemu baba yake Idi alikuwa mpishi wa wazungu waliokuwa wanakuja kuwinda huku zamani, kabla Idi hajazaliwa. Mmoja wao alipokunja mahema yake kwa mara ya mwisho alimwachia. Mzee akakileta nyumbani, akamfundisha mke wake namna ya kukitunza, naye akakitunza miaka yote mumewe akiwa hai na miaka yote baada ya kumzika. Weusi ule si masizi, Mama. Ni mafuta. Ni mafuta ya mkia wa kondoo na nta kidogo, yamepakwa chuma kikiwa cha moto, yakafutwa, yakapakwa tena, siku baada ya siku, mpaka yakashikana na chuma yakawa kitu kimoja. Ukipitisha kidole ndani ni laini na kidole hakipati doa. Sabuni haikigusi, mchanga ndio kabisa. Kikimaliza kazi kinafutwa kwa kitambaa na chumvi ya mawe, kinapashwa moto, kinapakwa tone la mafuta, kinatundikwa kwenye msumari wake, basi.

Nilipomaliza fungate Mama Idi alinipa kikaango hicho. Hakunipa kama mtu anavyompa mwenzake bakuli. Aliniita jikoni, akafunga mlango, akanikalisha kwenye kigoda chake, yeye akakaa chini. Akasema, "Mwanangu, mimi dhahabu sina. Hiki ndicho alichoniachia mume wangu, na sasa ni cha jiko lako. Kipikie, kilie chakula, kitunze." Chapati ya kwanza tuliipika wote wawili, nikamega kipande cha kwanza nikamlisha kwa mkono wangu. Ndiyo desturi ya nyumba hii. Mke wa mtoto akishamlisha mama mkwe kutoka kwenye kikaango kile, tangu siku hiyo mama anakula kutoka mkononi mwake.

Unajua nimetoka kwako najua jiko la mkaa na jiko la mafuta ya taa tu. Siku za mwanzo kikaango kilinitesa. Mpini wake nao ni chuma, nikaushika mkono mtupu, mpaka leo nina alama kiganjani. Mayai niliyaunguza, kwa sababu nilidhani ukitoa kuni chombo kinapoa. Hiki ukitoa kuni kinaendelea kupika chenyewe kama hakijaambiwa. Idi alikula mayai meusi akasema matamu, kisha akainuka akanywa kata nzima ya maji bila kupumua. Mama Idi alicheka mpaka akashika ukuta.

"Mtoto wa mjini," akasema, "chuma hiki kina akili ya punda. Hakianzi upesi, na kikishaanza hakisimami. Kuni unatoa mapema."

Akanionyesha kunyunyiza matone ya maji: yakitulia na kufuka, bado, yakirukaruka, weka chapati yako. Nikajifunza. Nilifika mahali chapati inateleza yenyewe ukitikisa mpini, karanga zinaiva bila moja kuungua, na muhogo wa jana ukikaangwa na kumiminiwa asali Idi anaimba akiwa bado anatafuna. Jioni tulikuwa tunakaa watatu, kikaango katikati, kila mtu anamega. Nilikuwa naanza kuwa mtu katika nyumba hii, Mama. Nilikuwa na furaha.

Ndipo ukamtuma Mama Mdogo.

Usiniambie alikuja kunisalimia tu. Alinitamkia mwenyewe, "Dada ameniambia nikaangalie jiko." Jiko langu lilikuwa la kuangaliwa na nani? Hata hivyo nilimpokea vizuri. Nilimchinjia jogoo, na Mama Idi akampisha kitanda chake, yeye akalala kwenye mkeka. Siku aliyofika, kabla hata hajamaliza chai, aliingia jikoni akaanza kuinua vifuniko. Akakiona pale msumarini.

"We Zainabu, hiki nacho ni chombo au gogo la mkaa?"

"Ni kikaango cha Mama Idi. Kinatunzwa hivyo hivyo."

"Kinatunzwa? Hiki?"

"Shusha sauti, Mama Mdogo, atakusikia."

"Asikie! Na majirani wanaoingia humu wanaona nini? Wanaona mtoto wa dada yangu hajui kuosha vyombo."

Nikamweleza yote, kama nilivyokueleza wewe hapo juu. Mafuta, nta, marehemu, chumvi ya mawe. Akaitikia, "Haya, haya, nimesikia," nami nikaridhika. Nilisahau kwamba Mama Mdogo akisema haya mara mbili mfululizo ujue hajasikia kitu.

Alikaa siku kadhaa akisubiri lori. Siku moja kabla halijapita, Mama Idi aliondoka kwenda msibani kijiji cha pili, akalala huko huko. Mimi nikaenda kisimani, na kisima cha huku si bomba la Utemini. Unakwenda, unapanga foleni, unarudi jua likiwa utosini. Niliporudi nilimkuta Mama Mdogo nyuma ya nyumba, kanga kiunoni, jasho linamtiririka, amesimama mbele ya kichanja cha vyombo kama fundi aliyemaliza kupaka msikiti chokaa. Alikuwa amekuja na ule waya wa kusugulia mnaouziwa siku hizi madukani. Alichanganya mchanga na majivu, akasugua tangu nilipotoka. Kikaango kilikuwa juu ya kichanja, katikati ya vyombo vingine, kimelowa, cheupe. Cheupe, Mama! Kinapigwa na jua mpaka kinaumiza macho.

"Umeona?" akaniambia. "Kumbe kilikuwa na rangi."

Ningesema nini? Ni mama yangu, alinibeba mgongoni, na vidole vyake vilikuwa vimechubuka kwa ajili yangu. Nikasema asante. Hiyo asante imenikaa kooni mpaka leo, haishuki wala haitoki. Kesho yake alfajiri alipanda lori, amefurahi, akaniachia ule waya uliobaki kama zawadi.

Nilikuwa nimekitundika ndani, sikujua kwamba chuma kilichovuliwa mafuta hakivumilii hata unyevu wa usiku mmoja. Asubuhi kilikuwa na kutu nyekundu kila mahali. Nikakifuta, nikakipaka mafuta ya alizeti ya Baba mengi mengi, nikajaribu chapati. Ikashika, ikang'oka vipande vipande, na ladha yake unadhani umelamba msumari. Nilikuwa bado nakwangua Mama Idi alipoingia kutoka msibani. Alisimama mlangoni, akakitazama, akanitazama.

"Nani amefanya hivi?"

Hapo ndipo ningeweza kusema ukweli. Jina moja tu lingetosha. Lakini nikafikiria, nikimtaja Mama Mdogo nimemtaja Mama. Watasema watu wa kwao huyu wanakuja nyumbani kwa watu, wanapishwa kitanda, wanakula jogoo, wanaharibu chombo cha marehemu na kuondoka zao. Watasema hao ndio waliomlea. Nikaona bora waseme mimi ni mjinga kuliko waseme hivyo juu yako.

"Ni mimi, Mama," nikasema. "Nilitaka kitakate."

"Umefanya vizuri," akasema. "Kimetakata."

Jioni ile alibeba mawe matatu, akayapanga upande wa pili wa uwanja mbele ya chumba chake, akawasha moto wake, akajipikia uji.

Maana yake unaijua, huhitaji nikufafanulie. Uwanja mmoja, mafiga huku na mafiga kule, na majirani wanaona moshi ukitoka sehemu mbili. Nampelekea chakula, anakipokea kwa mikono miwili, anasema asante mwanangu, na asubuhi nakikuta kwa kuku. Hanitukani. Hanisemi kwa mtu. Angenitukana ningepumua. Nikimwamkia shikamoo anaitikia marahaba macho yakiwa kwenye sufuria yake. Idi aliporudi kutoka porini safari ile akakuta moshi huku na moshi kule, akaweka madumu ya asali chini taratibu.

"Zainabu, mama yangu anapikia nje kwa nini?"

Nikamjibu kile kile nilichomjibu mama yake. Halafu akasema, "Mimi kikaango si kitu, ni chuma tu. Lakini mama hajawahi kupika peke yake. Hata Baba alipofariki, majirani walikaa naye." Tangu siku hiyo anakula kidogo kwangu na kidogo kwa mama yake, halafu anakimbilia porini kwenye mizinga yake, ambako angalau hapati shida ya kuchagua sahani ya nani. Ameolewa na nani huyo, mimi au pori? Samahani, nimeandika vibaya, lakini sifuti.

Na sasa Mama Idi anaondoka. Lori linatoka kesho alfajiri naye atapanda, anakwenda Itigi kwa binti yake. Hajaniambia mimi, nimeambiwa na dereva. Hajasema atarudi lini. Mwanamke mzima anaiacha nyumba aliyoijenga na mumewe, na Rungwa nzima itasema mke wa Idi, yule wa mjini, hakumaliza hata mwaka kabla hajamwondoa mama mkwe. Jina hilo nitazeeka nalo. Watoto wangu wataitwa kwa jina hilo.

Juu ya haya yote, Mama, wewe unanitumia kikaango kipya! Nimekifungua kifurushi. Chepesi kama karatasi, kinang'aa nje na ndani, kimechorwa ua jekundu, mpini wa plastiki. Jana nilikijaribu kwa sababu nilisema labda mimi ndiye mkaidi. Nikakiweka juu ya mafiga. Kabla mafuta hayajachemka mpini ulianza kulainika, ukainama, ukadondokea kwenye kuni, na jiko likanuka mpaka jioni. Mama Idi aliinua kichwa kule kwenye moto wake, akanusa, akarudi kwenye uji wake. Nilitamani ardhi inimeze. Nakirudisha kwa dereva huyu huyu. Mpini umelala upande, utasamehe. Kitafaa kabati la vioo.

Mimi sijasahau nilikotoka. Nakumbuka miaka ile madukani hakuna kitu, unatoka gizani kwenda kupanga foleni ya sabuni, unarudi na kipande, unakifungia sandukuni kwa ajili ya sare zetu za shule. Vyombo uliviosha kwa majivu na mchanga nyuma ya nyumba, vidole vimepasuka, na wanawake wakipita walikuwa wanasimama na kusema, "Kwa Mama Zainabu sufuria zinacheka." Hatukuwa na kitu kingine cha kuwaonyesha watu. Nilijivunia, na mpaka leo najivunia. Ndiyo maana nilidanganya kwa ajili yako. Lakini sasa mipaka imefunguliwa, maduka yamejaa, kila lori linashusha vyombo ambavyo hata majina yake hatuyajui, na badala ya kupumzika mmezidisha kusugua. Una kabati zima la chupa za chai na sahani za maua ambazo hakuna mtu aliyewahi kuzilia chakula, na bado macho yenu yanatafuta cheusi kwenye jiko la mtu mwingine. Barua yako nzima hakuna mahali uliponiuliza kama nimeshiba. Hukuniuliza kama mume wangu ananipenda. Na Mama Mdogo aliinua vifuniko vyote vya nyumba hii, hakuinua kichwa kunitazama usoni. Angenitazama angeona kwamba nilikuwa naendelea vizuri.

Naiacha barua hapa kidogo. Nasikia Mama Idi anakunja mkeka.

*

Ijumaa hiyo hiyo, jioni

Mama, nimesema. Nakuandikia ili usije ukasikia kwa watu kwanza: nimemtaja Mama Mdogo, na nimekutaja na wewe.

Nilimkuta Mama Idi mbele ya chumba chake, mkeka umekunjwa, nguo zake zimefungwa kwenye kanga, anakaza kamba ya katani. Nilikitoa kikaango msumarini, nikaenda nacho, nikakaa chini mbele yake nimekipakata. Nilikuwa na hasira na sikujua ni hasira za nani.

"Mama, hiki sikukisugua mimi."

Hakuacha kukaza kamba. "Najua. Mimi si kipofu. Aliyekuja na waya mkobani namjua."

"Sasa kama unajua, unaondoka kwa nini?"

Mikono ikasimama. Akanitazama machoni, mara ya kwanza tangu siku ile.

"Kwa sababu nilikuuliza, ukasema ni wewe. Nikajua basi, wamekaa wawili, mtoto na mama yake mdogo, wakaona uzee wangu unawachafulia jiko, wakakubaliana. Ulimwita aje akusaidie kunisugua mimi."

"Sikumwita! Alitumwa na mama. Nilimweleza, nikaenda kisimani, nikamkuta ameshamaliza. Nilisema ni mimi kwa sababu sikutaka umseme vibaya mama yangu!"

Nilikuwa napiga kelele, Mama. Nilimpigia kelele mama mkwe uwanjani mchana kweupe, na jirani aliyekuwa anatwanga aliacha mchi hewani. Nilijua nimeharibu kila kitu, lakini maneno yalikuwa yameshatoka. Naye akapandisha sauti, mwanamke ambaye sijawahi kumsikia akifoka hata kwa mbuzi.

"Ukamstiri mama yako kwa kikaango cha mume wangu!"

"Ningemstiri kwa kitu gani? Nina nini kingine mimi hapa?"

Kuku wakapita katikati yetu, wakarudi. Jirani akaanza tena kutwanga, polepole, apate kusikia vizuri. Nilikuwa nalia kwa ghadhabu, makamasi yananitoka, nikijifuta kwa upande wa kanga, na sikujali tena nani ananiona.

Halafu Mama Idi akaanza kufungua kamba aliyokuwa anaikaza. Akafungua kanga, akapekua katikati ya nguo zake, akatoa kikopo kidogo cha bati. Nilikijua. Ndicho kikopo cha mafuta ya mkia na nta. Alikuwa amekifunga pamoja na nguo zake, anakipeleka Itigi, ambako hana kikaango cha kupaka. Nilipokiona kile kikopo ndipo nilipoelewa mlichomfanyia, Mama. Sikuwa nimeelewa kabla.

"Washa moto," akasema. "Kuni nyembamba."

Nikawasha, kwenye mafiga yangu. Tulikwangua kutu kwa chumvi, tukakipasha mpaka kikaanza kufuka, akachovya kitambaa akapaka, akafuta kana kwamba hakupaka, akanipa kitambaa. Nikapaka mimi. Akapaka yeye. Kikatoka weupe, kikawa rangi ya chai ya rangi, na mahali pengine kina mabaka. Nikamuuliza kitakuwa cheusi lini. Akasema si leo wala mwakani, labda mikononi mwa mtoto nitakayezaa. Yeye haoni kama atakiona.

"Bado unasafiri?" nikamuuliza.

"Nimesema sisafiri? Nitasafiri. Lakini kwanza namsubiri huyo mama yako mdogo. Aje akae hapo ulipokaa wewe, aniambie mwenyewe kwa mdomo wake. Siwezi kuondoka hapa neno lake halijafika."

Kwa hiyo sasa sijui niwaombe nini. Mkimwahisha Mama Mdogo, Mama Idi atasikia neno lake aondoke, na mkeka wake mpaka sasa umekunjwa, sijaona akiutandika. Mkimchelewesha, atakaa hapa akimsubiri, na mimi nitakuwa naye. Akili yangu inaniambia nikuombe umzuie Mama Mdogo mpaka mvua zikate barabara. Lakini nimechoka kuficha ficha, na sitaki kumweka mama wa watu kwa hila. Mlete. Njoo naye wewe mwenyewe, na ukifika hapa usiangalie jiko. Niangalie mimi.

Mafiga yake bado yako pale mbele ya chumba chake, hajayaondoa. Ila leo jioni hakuyawasha. Nilikaanga karanga kidogo, zikashika kwenye yale mabaka, nyingine zikaungua upande mmoja. Nikampelekea kiganjani. Alichukua chache kutoka mkononi mwangu, akazitafuna mpaka mwisho, akasema zimeungua.

Msalimie Baba, mwambie mafuta yake ya alizeti ni mazuri kwa mboga, kwa chuma hayafai. Msalimie Bibi, mwambie nimemwekea asali ya nyuki wadogo kwa ajili ya macho yake. Msalimie kaka yangu fundi baiskeli na mke wake, na yule jirani muuza maandazi aliyenisuka siku ya harusi. Mama Mdogo simtumii salamu ndani ya karatasi. Zake ninazo, nitampa akifika.

Nilimuuliza Mama Idi kama nifunge bahasha. Amekaa hapa mlangoni anafuta kikaango kwa kitambaa kikavu. Akaniambia nisifunge, niandike kama atakavyosema bila kupamba, na mimi naandika: "Mwambie mama yako salamu zake ninazo mimi, simtumii. Aje azichukue. Na huyo mdogo wake aje mikono mitupu."

Mimi mwanao, bado nimekasirika na bado nakupenda,

Zainabu